Mtawa aliyechora watoto: historia ya visanamu vya Hummel



Wengi wetu tumeshaviona, ila jina hatulijui. Ukipita kwenye vyombo vya mtumba vinavyotoka Ulaya, katikati ya sahani na vikombe unaweza kukuta kisanamu cha udongo cha mtoto mwenye mashavu ya duara na viatu vikubwa, kashika mwavuli au kikapu. Kigeuze chini utaona jina M.I. Hummel. Vingine vina alama ya nyuki, kwa sababu Hummel kwa Kijerumani ni aina ya nyuki mnene mwenye manyoya.

Tuseme mapema. Suala la kuweka sanamu ndani sisi Waislamu tunalijua, na hatuandiki haya ili mtu akapambe kabati. Tunaandika kwa sababu nyuma ya jina hilo yupo mwanamke, na maisha yake yana funzo kwa kila anayeishi kwa kazi ya mikono.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1909 katika mji mdogo wa Massing, kusini mwa Ujerumani. Jina lake Berta Hummel, na wazazi wake walikuwa na duka. Toka mdogo alikuwa akichora. Wazazi hawakumzuia, wakamsomesha, na mwaka 1927 akaingia chuo cha sanaa Munich. Alipomaliza mwaka 1931 alikuwa na kipaji cha kumpatia jina na pesa mjini. Yeye akachagua dini. Mwaka ule ule akaingia nyumba ya watawa wa Kifransisko ya Siessen, na baadaye akapewa jina Maria Innocentia.

Huko hakuacha kuchora. Alifundisha watoto sanaa, akabuni mavazi ya ibada ya kanisani, na kila akipata nafasi alichora watoto wa vijijini: mmoja anachunga bukini, mwengine kapiga magoti anasoma dua. Picha zake zikachapwa kwenye kadi. Kadi hizo zikamfikia Franz Goebel, mwenye kiwanda cha vyombo vya kauri, naye akaomba ruhusa azigeuze kuwa visanamu.

Hapa dada zetu mafundi tusikilize vizuri. Watawa hawakutoa kazi bure bure. Makubaliano yalikuwa kila kisanamu kikaguliwe na kukubaliwa kwanza, kiwe na jina la mchoraji, na nyumba ya watawa ipate sehemu yake ya mapato. Visanamu vya mwanzo vilitoka mwaka 1935 vikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Vikapendwa mara moja.

Lakini mabaya yalikuwa njiani. Wanazi walishashika nchi na hawakuzipenda picha zake. Wao walitaka watoto wa Kijerumani waonekane wakakamavu kama askari, na hawa wa Hummel walikuwa na vichwa vikubwa na nguo za viraka. Gazeti la chama likamtukana. Kazi yake ikazuiwa kusambazwa ndani ya Ujerumani, lakini kuuzwa nje iliruhusiwa, maana serikali ilichukua nusu ya pesa. Yaani kazi wanaidharau, faida wanaitaka! Mwaka 1940 wakaiteka nyumba ya watawa, na sehemu kubwa ya masista wakatolewa. Yeye alirudi kwao kwa muda mfupi, kisha akaomba kurejea akaishi kwa tabu na wachache waliobaki. Chakula kidogo, baridi kali. Mwaka 1944 akagunduliwa kifua kikuu. Alifariki tarehe 6 Novemba 1946 akiwa na miaka 37 tu.

Umaarufu mkubwa ulikuja yeye hayupo. Askari wa Marekani waliokuwa Ujerumani baada ya vita walinunua visanamu wakawapelekea mama na wake zao, na Marekani ikawa na wakusanyaji wengi mno. Kiwanda cha Goebel kiliacha kuvitengeneza mwaka 2008. Siku hizi warithi wanaviuza, na vingi bei yake imeshuka sana.

Tunachukua nini? Kwanza, kazi yako iwekee jina na makubaliano. Wangapi kati yetu tunabuni mshono, wiki ya pili tunauona umetundikwa duka la mtu na hatuna la kusema? Kwa hili masista wa Siessen walituzidi akili. Pili, mtu anaweza kufanya kazi yake kwa nia safi na asiuone mwisho wake duniani. Sisi tunaamini malipo hayapotei kwa Mola, na nia ndiyo msingi wa amali.

Basi ukikaa kwenye cherehani yako kesho, piga bismillahi, weka nia, na usisahau kushona lebo yako.

Wabillahi tawfiq.