Vifungashio vya ugoro wenye manukato
Ugoro wenye manukato ni tumbaku ya kunusa iliyosagwa na kutiwa vionjo kama mentholi, kafuri au mafuta ya waridi. Vionjo hivyo hugeuka mvuke upesi, hivyo kifungashio huathiri sana ubora wa ugoro. Kopo lenye mfuniko usiobana huruhusu unyevu na harufu kutoka. Matokeo yake, ugoro hukauka na kuwasha pua zaidi. Plastiki nyingi hupitisha mentholi polepole, na hunyonya harufu inayoweza kuhamia kwenye ugoro mwingine. Kioo hakifanyi hivyo. Nchini China, enzi ya Qing (1644–1912), ugoro ulihifadhiwa katika vichupa vyenye kizibo kilichoshikizwa kijiko, vilivyoukinga na unyevunyevu vizuri zaidi kuliko vijisanduku vya ugoro vya Ulaya.