Eksirei ya chuma: kutoka bunduki ya Röntgen hadi Nairobi

Leo naacha programu kidogo, tuangalie historia ya kukagua chuma bila kukikata.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Wengi tunaijua picha ya mkono wa mkewe wenye pete. Lakini mwaka 1896 aliipiga picha bunduki yake ya kuwindia pia, na kasoro za ndani ya mtutu zikaonekana. Kanuni ni rahisi: penye uwazi miale hupita kwa wingi zaidi, kwa hiyo shimo ndani ya chuma huacha doa jeusi kwenye filamu.

Sisi wa Nairobi tuna sababu ya kuijali habari hii. Mwaka 1960 East African Airways, shirika la pamoja lililokuwa na makao yake hapa, lilianza kurusha ndege za jeti aina ya Comet 4. Miaka sita kabla, Comet mbili za toleo la kwanza zilipasuka angani karibu na Italia, hakunusurika mtu. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliitia Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakawa wanapandisha na kushusha shinikizo kama vile inaruka na kutua. Ilipasuka baada ya mizunguko 3,057, ukijumlisha na safari zake za kweli. Metali ilikuwa imechoka. Comet 4 ikapewa bati nene zaidi na madirisha ya mviringo.

Je, eksirei ingeziokoa? Si lazima. Ufa mwembamba huonekana ukilala sambamba na miale. Ukilala kinyume, filamu hutoka safi. Ndiyo maana wakaguzi hutumia pia mawimbi ya sauti.

Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia, na matumizi ya mionzi yanasimamiwa na sheria ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1982.

Wenzangu mnaoandika programu kule Westlands na Kilimani, mnalijua jambo hili: jaribio likipita, maana yake halikuona hitilafu pale lilipotazama. Basi mkionyeshwa cheti cha boila au cha ndege, ulizeni mambo mawili: picha ilipigwa kutoka upande gani, na lini? Ufa haungoji ukaguzi ujao.