Maswali Baada ya Filamu: Historia Fupi ya Maoni ya Watazamaji na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Bukavu

1.0 Utangulizi

Mwalimu anayempa mwanafunzi zoezi la kutengeneza filamu fupi humdai vitu viwili: filamu yenyewe, na maandishi yanayoeleza mwanafunzi alikusudia nini, alifanya nini na alijifunza nini. Maandishi hayo ndiyo tafakari. Kisha mwalimu huandika maoni yake ukingoni mwa karatasi. Katika mji kama Bukavu, ambako leo simu ya mkononi yatosha kupigia picha za filamu, zoezi hilo halihitaji tena mitambo mikubwa. Linalobaki kuwa gumu ni maoni ya mwalimu: je, yahukumu au yaulize?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina historia katika Afrika. Tangu filamu za mafunzo zilipoanza kutengenezwa barani, palikuwapo mtu aliyewauliza watazamaji, picha zilipokwisha, wameona nini. Thamani ya swali hilo ilitegemea jinsi jibu lilivyopokelewa.

2.0 Vugiri, 1935-1937

Mwaka 1935 ulianza katika Tanganyika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, na mradi ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu katika Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia upande wa mafunzo.

Hadi mwaka 1937 zilitengenezwa filamu 35. Baadhi zilihusu safura, ukulima na mafunzo ya utabibu wa mifugo. Zilionyeshwa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, zikiwa na maelezo katika Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Waafrika walishiriki kama waigizaji na wasaidizi wa kazi. Waandalizi walikusanya maoni ya watazamaji, na mwaka huo wa 1937 walichapisha taarifa yao kwa jina la The African and the Cinema.

Kuyatafuta maoni hayo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, neno la mwisho juu ya nini kifundishwe na kwa namna gani halikuwa la mtazamaji. Maoni yake yalitumika kupima kama somo limeingia. Serikali za makoloni hazikukubali kuugharimia mradi zaidi, nao ukakoma.

3.0 Kuku aliyeonekana

Kisa cha pili kilisimuliwa na John Wilson, mtaalamu wa Kiingereza, na kikaenea duniani baada ya Marshall McLuhan kukitaja katika kitabu chake cha mwaka 1962. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya dakika kama tano, yenye mwendo wa taratibu, kuwafundisha wanakijiji wa Kiafrika namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji walishangaa, kwani hawakujua kwamba mna kuku katika filamu yao. Walipoikagua picha baada ya picha, wakamkuta: alikuwa amepita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi.

Wataalamu walikitumia kisa hiki kama ushahidi kwamba Mwafrika asiyesoma hajui kutazama filamu. Lakini kisa chenyewe kinaweza kusomwa kinyume. Watazamaji waliulizwa swali wakalijibu kwa usahihi. Aliyeshindwa kuona ni yule aliyeipiga picha, akaihariri na kuionyesha bila kujua kilichomo. Jibu la watazamaji lilikuwa somo kwa mtengenezaji, naye akaligeuza kuwa alama ya chini kwa watazamaji.

4.0 Viboko na muziki

Kisa cha tatu kinatoka Niger. Mwaka 1951 Mfaransa Jean Rouch alipiga filamu juu ya Wasorko wanaowinda kiboko katika mto Niger. Miaka michache baadaye aliwarudia akawaonyesha filamu hiyo katika mji wa Ayorou. Katika sehemu ya mawindo alikuwa ametia muziki wa wawindaji wenyewe, akidhani ameupamba uwindaji wao. Wawindaji walimkosoa waziwazi: kiboko husikia vizuri hata akiwa majini, na muziki ule ungemkimbiza. Rouch alikubali akauondoa. Tangu hapo aliwaeleza wasomaji wake kwamba kuwarudishia watu picha zao na kuwasikiliza ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Tofauti na visa viwili vya kwanza iko wazi. Wawindaji hawakusema kwamba filamu ni nzuri au mbaya. Walitaja mahali penye kosa, wakatoa sababu, na jibu lao likaibadili filamu.

5.0 Kivu na darasa la leo

Katika Kongo ya Wabelgiji mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Kuanzia mwaka 1945 sheria ilimzuia Mwafrika kuingia katika maonyesho ya sinema, isipokuwa ya filamu zilizokaguliwa na kuruhusiwa. Wamisionari ndio waliotengeneza sehemu kubwa ya filamu zilizokusudiwa Wakongo: Padre Van den Heuvel katika Léopoldville, Padre Van Haelst katika Luluabourg, na Padre De Vloo wa Mapadre Weupe, aliyeongoza Africa Films katika Kivu. Mtazamaji wa Kivu alizoea kufundishwa na filamu muda mrefu kabla ya kuitengeneza mwenyewe.

Mwalimu wa Bukavu anaposhika kalamu nyekundu, hana budi kuchagua anarithi desturi ipi. Tuseme mwanafunzi amepiga filamu katika soko la Kadutu, na mchuuzi anasema niko nakuya. Katika tafakari, mwanafunzi anaomba radhi kwa lugha hiyo na kwa kelele za soko. Mwalimu akifuta maneno ya mchuuzi na kuandika ninakuja, ametia muziki unaomkimbiza kiboko. Akiandika tu kwamba sauti ni mbaya, amemwona mwanafunzi kama wale walioambiwa hawajui kutazama. Lakini akiuliza kelele zile zinamwambia nini mtu asiyeijua Kadutu, na kwa nini mwanafunzi anaionea haya lugha ya mhusika wake, amemrudisha kwenye filamu yake.

6.0 Hitimisho

Kuuliza si kuacha kusahihisha. Tafakari iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu lazima isahihishwe kwa kipimo cha Kiswahili sanifu, na picha isiyoonekana haina budi kutajwa. Wawindaji wa Ayorou hawakumbembeleza Rouch. Hata hivyo, kabla ya kuhesabu makosa, yampasa mwalimu aitazame filamu mara ya pili, kwani huenda mwanafunzi amemwona kuku ambaye mwalimu hakumwona.