Akiba ya Mbale

Wilayani Namtumbo, katika eneo la Mto Mkuju, neno akiba liligongana na lenyewe. Ardhi ile ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, na akiba ya aina hiyo huwekwa ili isiguswe. Chini yake, ndani ya mawe ya mchanga, wachimbaji walikuwa wakitafuta akiba nyingine, ya urani, na hiyo hutafutwa ili ichimbwe yote. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ikaridhia mpaka usogezwe, eneo la mradi likabaki nje ya urithi. Akiba moja ikaipisha nyingine.

Tatizo hili limeletwa na Kiingereza, chenye neno moja, reserve, kwa mambo hayo mawili, nasi tukalifuata. Ila kwenye madini kosa halikuishia hapo. Soma habari yoyote ya urani au nikeli uone: aya ya kwanza inataja hazina, ya pili rasilimali, ya tatu mashapo, ya nne akiba, na tani ni zilezile. Kwa mwandishi hayo ni mapambo ya lugha. Kwa mjiolojia, ukiondoa hazina, ni vitu vitatu, na kati ya kimoja na kingine pana miaka ya kazi na mabilioni ya shilingi.

Tuanze na mashapo, neno zuri lililobebeshwa mzigo. Nyumbani mashapo ni yale yanayotuama chini ya kikombe cha kahawa. Shuleni tukafundishwa miamba mashapo, iliyotokana na mchanga na tope lililotuama. Wizarani mashapo ni mkusanyiko wowote wa madini ardhini. Kwa hiyo urani ya Mkuju ni mashapo ndani ya miamba mashapo, na msomaji asiyejua atadhani tunarudia. Sina ugomvi na matumizi ya wizarani, mradi ikumbukwe kwamba mashapo hayaahidi kitu. Yanasema tu kuwa madini yapo.

Rasilimali ya madini inasema zaidi: yapo kiasi gani, kwa kiwango gani cha ubora, na kwamba kuna matumaini ya kweli ya kuyachimba siku moja. Kanuni ya JORC ya Australia, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, inaigawa kwa uhakika wake, na hapa Kiswahili kinatosha bila kuazima: rasilimali iliyokisiwa, iliyokadiriwa, iliyopimwa. Kukisia ni kwa jicho na mashimo machache. Kukadiria ni kwa mashimo yaliyokaribiana kiasi cha kuonyesha tabaka linavyokwenda. Kupima ni pale ambapo shimo jipya halitarajiwi kukushangaza.

Kwenye urani kupima kuna mtego wake. Baada ya uchorongaji, mafundi huteremsha kifaa cha kunasa mionzi ndani ya shimo kwa waya, na kwenye skrini mchoro unapanda na kushuka kadiri kinavyopita kwenye tabaka. Unapopanda, watu hufurahi. Lakini mionzi hiyo haitoki hasa kwenye urani yenyewe. Hutoka kwenye vizalia vyake, kama bismuthi, ambavyo huchukua muda mrefu sana kujikusanya. Urani nayo huyeyuka na kusafiri na maji. Katika mashapo machanga yaliyo karibu na uso wa ardhi, kama ya tope na chokaa ya mabonde ya Bahi na Manyoni, yaweza kuwa imeondoka na kuviacha vizalia nyuma, au imefika jana na vizalia havijazaliwa. Kifaa kitasema kuna wingi mahali palipobaki maganda, au kitanyamaza juu ya mali. Ndiyo maana hupelekwa maabara choronge, yaani ile mihimili ya mwamba inayotolewa shimoni na kupangwa kwenye masanduku marefu, zikalinganishwe na mchoro.

Vanadi, metali nyingine, ndiyo kabisa: haina mionzi ya kunaswa. Huishi pamoja na urani katika madini ya njano yaitwayo kanotiti, jina la mhandisi Mfaransa Adolphe Carnot, lakini kifaa huiona urani na kuipita vanadi kama hakuna mtu. Bila maabara huna vanadi, una dhana.

Sasa akiba. Hiyo ni sehemu ya rasilimali iliyokadiriwa au kupimwa ambayo hesabu zimeonyesha inachimbika kwa faida, zikiwa zimeingizwa bei, gharama, maji, barabara, sheria, mazingira na ridhaa ya wenyeji. Iliyokisiwa tu haiingii humo. Kwa maneno mengine, akiba inaweza kuongezeka au kuyeyuka bila jiwe hata moja kusogea.

Anayebisha aende Colorado, Marekani. Kanotiti ya huko ilianza kuchimbwa kwa ajili ya radi, ile elementi ya mionzi. Gramu moja ya radi aliyokabidhiwa Marie Curie na Rais Harding mwaka 1921 ilitoka kwenye mawe hayo. Mara mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yenye utajiri kupita kiasi, yakaanza kusafishwa Ubelgiji, na migodi ya radi ya Colorado ikafa. Jiwe lilikuwa lilelile. Miaka ya 1930 likafufuliwa kwa ajili ya vanadi ya kuimarisha chuma, na mji uliojengwa ukaitwa Uravan, nusu urani nusu vanadi. Urani yenyewe ilitupwa pamoja na makapi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, mradi wa bomu la atomiki ukarudi kwenye makapi yaleyale kuitoa. Leo mji huo haupo. Ulibomolewa na kufukiwa kwa sababu ya mionzi.

Basi sehemu hii inayochimbika kwa faida tuiite nini? Wapo wanaopenda hazina. Mimi naikataa: hazina huokotwa na mwenye bahati, haihesabiwi na mhandisi. Akiba ni bora kwa kuwa imehesabiwa, ila ikiwa peke yake inavuta maana ya kutoguswa, kama pale Selous. Dawa ninayo kwenye neno ambalo tayari wachimbaji wanalo: mbale, mwamba wenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida. Sema akiba ya mbale, faida imo ndani ya neno, na pori halitachanganywa na mgodi.

Wahariri, habari ikija na tani milioni kadhaa za urani, iulizeni kwanza: zimekisiwa, zimekadiriwa, zimepimwa, au ni akiba ya mbale? Isipojibu, irudisheni kwa mwandishi.