Wapagazi Wasioacha Barua

Mtu akitaka kujua ofisa wa Kizungu aliwaza nini katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kazi yake si ngumu. Zipo barua alizompelekea mkewe, na vipo vitabu, kama kile cha jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Lakini mkulima wa Mofu, au wa kijiji kingine huko Kilombero, aliyetolewa shambani akatwishwa mzigo wa jeshi, je, yeye alimwandikia nani?

Si kwamba maandishi hayakuwako. Kabla ya vita hivyo gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lilikuwa likichapwa Tanga, na makarani waliandikiana barua. Ila kalamu ilikaa shuleni na ofisini. Mzigo ulikwenda kwa mkulima.

Na vita vilimfuata hadi mlangoni. Tabora ilipotekwa Septemba 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Iringa na Mahenge. Jeshi linalorudi nyuma halilimi; hula cha wenyeji. Oktoba 9, 1917, Wabelgiji wakaingia Mahenge. Wazee wa huko walikuwa bado wanaikumbuka njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji.

Wazungu waliviita vita vya dunia. Kwa mtu wa bondeni vilifanana zaidi na vita vya ndugu kwa ndugu. Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika mwenziwe, na Kiswahili kilisikika katika kambi za Wajerumani na za Waingereza. Mpagazi aliyetekwa leo, kesho aliweza kubebeshwa mzigo wa adui wa jana.

Basi siasa yake tutaisoma wapi? Tuisome katika miguu yake. Alitoroka usiku. Jamaa zake walificha nafaka, wakahamia porini waliposikia jeshi linakuja. Wakubwa waliandika neno moja tu: utoro. Mimi nasema hiyo ndiyo kura pekee aliyokuwa nayo, naye aliipiga.

Upande wa Waingereza peke yake wapagazi walikaribia milioni 1, na vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 90,000. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva. Mpagazi alivishwa kibati chenye namba. Alipopotea, mara nyingi mshahara wake haukuwafikia warithi. Na mke aliyebaki kijijini hakupata barua, wala fedha, wala kaburi la kulilia.

Hapa Dar es Salaam sanamu ya mwaka 1927 inamwonyesha askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini tu. Nairobi walimchongea na yeye. Kwetu amebakiziwa jina la soko: Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, kama Waswahili walivyolitamka jina lake la Kiingereza. Kila siku maelfu hununua vitunguu na khanga pale bila kujua wanamtaja nani.

Wasikilizaji wapenzi, barua ile haikuandikwa, lakini habari zilisimuliwa jikoni na barazani. Aliye na babu au bibi aliyesikia habari hizo kwa wazazi wake, amuulize leo, aandike jina, kijiji na njia waliyopita. Zamani kalamu ilikuwa ya wachache. Sasa tunayo sisi, na wazee hawatungoji.

Kwaherini, hadi juma lijalo.