Nadharia isiyoingia majini

MAJUZI nilikuwa miongoni mwa watahini wa tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa uzamili. Kwa kuitazama tu, kazi ilikuwa safi: jalada gumu, chapa nzuri, marejeleo tele. Katika sura ya pili alikuwa ameandika kurasa kumi na mbili kuhusu nadharia aliyoichagua: waasisi wake, mihimili yake, hata na wanaoipinga. Ila kuanzia sura ya nne, pale uchanganuzi ulipoanza, ile nadharia hukuiona tena. Ilikuwa imeachwa mlangoni kama viatu vya mgeni.

Nikamwuliza, “Nadharia hii ilikusaidia kuona nini ambacho bila hiyo usingekiona?”

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa unyofu, “Mwalimu, niliiweka kwa sababu lazima iwepo.”

Tulicheka sote, naye akacheka. Lakini nilirudi nyumbani na jibu lile moyoni. Kijana hakusema uongo. Ndivyo tulivyomfundisha. Tumewazoesha wanafunzi kuiona nadharia kama ushuru: ukiulipa sura ya pili, unapita.

Neno lenyewe halisemi hivyo. Nadharia tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni wa kutazama. Ndugu zake tunao: mandhari, yaani yale yaliyo mbele ya macho, na nadhari, ule uangalifu wa mtu anayetazama kabla ya kuchagua. Wagiriki, ambao Wazungu waliazima neno lao, nao walianzia papo hapo pa kutazama. Basi nadharia ni jicho. Na jicho, ndugu msomaji, lina uwezo wake na lina mipaka yake. Ili nilieleze hilo, leo naomba niiache fasihi na isimu kidogo nikupeleke Uingereza ya miaka 200 iliyopita, kwenye meli za vita na mkemia mmoja aliyeitwa Humphry Davy.

Tuanze na meli. Manowari za enzi hizo zilikuwa za mbao, na mbao baharini ina maadui wawili. Wa kwanza ni yule mdudu laini kama funza anayetoboa mbao mpaka ikawa kama sega la asali. Wa pili ni mwani na vile viumbe vya magamba tunavyoviona vimenata miambani maji yakipwa. Vikishajazana chini ya meli, huipunguzia mwendo. Mnamo 1761 Jeshi la Wanamaji la Uingereza likajaribu dawa: tumbo la manowari iitwayo Alarm likavishwa mabamba membamba ya shaba. Mdudu hakupenya, na uchafu haukunata kama kawaida.

Lakini kukazuka jambo. Alarm ilipokaguliwa baada ya safari, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya sana. Hata hivyo, misumari michache ilisalimika. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba kipande cha karatasi ya kahawia kilikuwa kimebaki kati yake na shaba. Ukweli wote ulikuwa hapo peupe: chuma kikigusana na shaba katika maji ya chumvi, chuma huangamia, wasipogusana, hakuna neno. Kwa nini? Hakuna aliyeweza kueleza. Mafundi wakafanya la busara: baadaye wakabadilisha misumari na kutumia ile ya mchanganyiko wa shaba. Walikuwa wameona, ila hawakuwa na nadharia.

Jicho la kuonea lilikuja mwaka 1800, wakati Mwitaliano Alessandro Volta alipopanga vipande vya metali mbili tofauti, na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme usiokatika. Davy, kijana aliyezaliwa 1778 huko Penzance, akakishika chombo hicho kwa mikono miwili. Mwaka 1806 alitoa mhadhara akidai kwamba nguvu inayounganisha vitu katika kemia ina uhusiano na umeme. Mwaka uliofuata akautumia umeme kutenga metali mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzitia machoni, potasiamu na sodiamu. Kufikia 1820 alikuwa rais wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa nchi hiyo.

Ndipo wakuu wa wanamaji walipomletea shida yao. Shaba iliyokuwa ikilinda meli ilikuwa yenyewe inaliwa na maji ya bahari, na kuibadilisha kulikuwa gharama kubwa. Wengi walidhani kasoro imo katika shaba, kwamba haikusafishwa vizuri. Davy akaitazama kwa jicho lake la umeme. Akasema: shaba inaliwa kwa sababu ya hali yake ya umeme inapokutana na chumvi na hewa iliyoyeyuka majini. Tukiibadilisha hali hiyo kidogo tu, haitaliwa. Na namna ya kuibadilisha ni kuigusisha na metali iliyo tayari zaidi kuliwa, kama vile zinki au chuma.

Hebu ona alichokifanya. Jambo lilelile lililoiharibu misumari ya Alarm, yeye akaligeuza kuwa tiba. Ikiwa chuma hufa ili shaba ipone, basi tutie chuma kidogo kwa makusudi, kife kwa niaba ya shaba. Kondoo wa kafara, ungesema. Leo tungeeleza kwamba elektroni hutoka kwenye zinki zikaingia kwenye shaba, nayo shaba ikabaki salama huku zinki ikiyeyuka. Davy hakuwa na habari ya elektroni, lakini mwelekeo wa hoja yake ulikuwa sahihi.

Akajaribu katika vyombo vya maabara, akisaidiwa na msaidizi wake Michael Faraday. Matokeo yalishangaza. Kipande cha zinki kisichozidi punje ya njegere kilitosha kulinda inchi mraba 40 hadi 50 za shaba. Mwanzoni mwa 1824 akasoma taarifa yake mbele ya Royal Society. Kisha akahamia bandari ya Portsmouth, ambako mabamba ya shaba yalitumbukizwa baharini yakiwa na vipande vya kinga vya ukubwa mbalimbali. Akakuta kwamba kinga ikiwa kati ya sehemu moja kwa 40 na moja kwa 150 ya eneo la shaba, shaba hailiwi kabisa. Wakaenda kwenye meli zenyewe. Manowari Samarang ilitiwa chuma cha kalibu chenye eneo la moja kwa 80, ikatumwa Nova Scotia. Iliporudi mapema 1825, shaba yake ilikuwa imehifadhika.

Nadharia ya msingi, iliyozaliwa kwenye meza ya maabara, ilikuwa imeingia baharini ikashinda. Ama hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Meli nyingine zilianza kurudi na habari tofauti. Shaba ilikuwa nzima, lakini tumbo la meli lilikuwa limegeuka shamba: mwani unaning’inia na viumbe vya magamba vimejazana, meli yenyewe inakokota mwendo kama punda aliyezidishiwa mzigo. Kumbe! Ile shaba iliyokuwa ikiliwa taratibu na maji ndiyo iliyokuwa sumu kwa viumbe hivyo. Kule kuyeyuka kwake ndiko kulikowafukuza. Davy alipoizuia shaba isiyeyuke, aliizuia pia isifanye kazi iliyowekewa. Kabla muongo ule haujaisha, Wanamaji walikuwa wameachana na mpango wote. Davy alikejeliwa hadharani, jambo lililomuuma sana. Akafariki Geneva mwaka 1829.

Sasa niulize: Davy alikosea wapi? Si katika nadharia. Kila alichotabiri kuhusu shaba kilitimia. Aliulizwa jinsi ya kuizuia shaba isiliwe, akalijibu swali hilo barabara. Ila hilo halikuwa swali la baharia. Baharia alitaka meli inayokwenda mbio. Shaba kwake ilikuwa njia tu. Na sidhani ni haki kumlaumu Davy peke yake, kwa maana waliomletea swali ndio waliolipunguza kabla halijamfikia.

Hapa nawakumbuka mafundi wa majahazi wa pwani yetu. Nao walipambana na maadui walewale wawili. Walikivuta chombo pwani, wakakichoma tumbo kwa miali ya makuti makavu ili kuua wadudu, kisha wakakipaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Hawakuandika nadharia ya jambo hilo. Walichokuwa nacho ni swali zima, kwa sababu aliyekipaka chombo mara nyingi aliishi na waliokisafiria. Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Maarifa yasiyo na nadharia hayaendi mbali na mahali yalipozaliwa. Deheni ilibaki kuwa ya jahazi. Wazo la Davy, lililoshindwa kwenye meli, lilikuwa na miguu ya kutembea.

Na lilitembea. Mwaka 1834, Faraday, yule msaidizi wa zamani, alikuwa ameupima uhusiano wa umeme na kemia kwa hesabu kamili. Alipokosa maneno ya kuyaeleza aliyoyaona, alimwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge, wakashauriana, na katika mashauriano hayo yakatoka maneno ambayo leo mwanafunzi wetu wa kidato cha pili anayaita anodi, kathodi na ioni. Sisi wa lugha tusilipite hilo hivi hivi: mwanasayansi aliona kwamba bila istilahi nadharia yake haitasafiri, akabisha hodi kwa mjuzi wa maneno.

Mnamo 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Inua macho uangalie paa la nyumba ya jirani. Mabati yetu mengi ni chuma kilichovikwa zinki, pekee au pamoja na alumini. Bati la zinki likikwaruzika kidogo, zinki iliyo kando huliwa kwanza, chuma kikapona. Ni kondoo yuleyule wa Davy. Mwaka 1928, mhandisi Robert Kuhn huko New Orleans akalitumia wazo hilo kwa mabomba ya gesi yaliyozikwa ardhini, safari hii kwa kupeleka umeme kutoka nje. Akapendekeza kwamba volti hasi 0.85, ikipimwa dhidi ya shaba iliyotumbukizwa katika maji ya mrututu, yatosha kulikinga bomba la chuma. Kipimo hicho kingali kinatumika.

Kwa nini mabomba yalifaulu pale meli ziliposhindwa? Kwa sababu kutu ya bomba haimfaidi mtu yeyote. Hakuna kiumbe anayesubiri kunata, wala mwendo wa kupungua. Na meli za leo za chuma? Mara nyingi hufungwa vipande vya zinki au alumini ili zisishike kutu, halafu juu yake hupakwa rangi ya kuzuia viumbe, na rangi nyingi za aina hiyo zina shaba ndani yake. Shida zilikuwa mbili tangu mwanzo, nazo sasa zimepewa dawa mbili.

Namrudia mwanafunzi wangu. Hatukumfelisha. Tulimpa marekebisho: aende na nadharia yake mpaka sura ya nne, aitumie katika kila ukurasa wa uchanganuzi, na pale inaposhindwa kueleza jambo, asilifiche. Aliandike. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aanze upya. “Mwalimu, na ikishindwa kabisa?” akauliza.

Nilimwambia ikishindwa mbele ya data, atakuwa amegundua kitu. Davy alishindwa baharini, na kwa kushindwa huko tukajua kwamba shaba huilinda meli kwa kuyeyuka. Hilo halikuwemo katika mhadhara wake hata mmoja. Ameahidi kuileta kazi upya baada ya miezi mitatu, nami naisubiri kwa hamu, nikiwa na swali lilelile mkononi.