Zabibu za Nyanya, Mvinyo wa Pantelleria

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kwenye karatasi. Maneno 700 kuhusu mvinyo wa shamba moja la kisiwani kwenye Bahari ya Mediterania, na vyakula vinavyoendana nao. Mteja ana duka la mtandaoni, sura yake siijui, analipa kwa neno. Maagizo yalikuwa matatu: mtamanishe mnunuzi, taja jibini, usiingize historia.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na nilichokuwa nikisoma huko ni historia. Tena sinywi. Nimelelewa Mombasa, kwenye nyumba ambayo chupa ya mvinyo haijawahi kuvuka kizingiti. Basi nikawa hapo, saa sita usiku, Nairobi, naeleza ladha ambayo ulimi wangu hauijui, na nimekatazwa kitu kimoja ninachokijua.

Kisiwa chenyewe ni Pantelleria. Ni cha Italia, lakini Tunisia iko karibu zaidi, kilomita kama 70, kuliko Sicily iliyo umbali wa kama 100. Ni mwamba wa volkano, mweusi, wenye upepo usiopumzika. Mashamba ni ya Donnafugata, kampuni ya familia ya Rallo kutoka Marsala, iliyoanzishwa mwaka 1983. Mvinyo wao unaojulikana zaidi unaitwa Ben Ryé. Ni mtamu, rangi yake kama asali iliyokolea. Nikashuka kwenye maelezo hadi aina ya zabibu: Zibibbo.

Hebu litamke kwa sauti. Zibibbo.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Zabib ni Kiarabu, maana yake zabibu zilizokaushwa. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walikitawala kisiwa hiki kwa karne kadhaa, mpaka Mfalme Roger II wa Sicily alipokichukua mwaka 1123. Watawala wakaenda, neno likabaki mdomoni mwa wakulima, likapata mkia wa Kiitaliano. Upande huu mwingine, neno lile lile lilitufikia sisi Pwani, likaingia jikoni. Kwa nyanyangu zabibu hazihitaji kuambiwa ni kavu. Ni zile ndogo za kahawia anazotia kwenye tambi za sukari, na ole wako ukionekana unazidokoa kabla hazijafika sufuriani.

Ila sisi tulifanya jambo la ajabu kidogo. Tunda tulilipokea kwa jina la Kiarabu, kinywaji kwa majina ya watu wengine kabisa. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Divai, ile ya kanisani, ni du vin ya Wafaransa. Kwa masikio yetu, zabibu na mvinyo havina udugu wowote. Ukimwambia nyanya kuna watu wanakunywa kitu kinachoitwa zabibu, atadhani ni juisi. Kule Pantelleria tunda na chupa vina jina moja.

Na si hilo tu. Ramani ya kisiwa inasomeka kama orodha ya watoto wa madrasa: Khamma, Gadir, Bukkuram. Donnafugata wana mvinyo mwingine mtamu, mwepesi zaidi, unaoitwa Kabir. Mkubwa. Na Ben Ryé ni mwana wa upepo, hiyo ben ikiwa ni bin yetu ya kwenye vitambulisho. Enyewe, hapo ndipo niliposahau maagizo ya mteja.

Upepo ndio unaoamua kila kitu huko. Mzabibu haupandishwi juu ya nyaya. Unapandwa ndani ya kishimo, unakatwa mfupi, unakaa chini kama mtu aliyechutama akijificha baridi. Trekta haliwezi kupita, kila kitu ni mkono na mgongo. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka ukulima huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Agosti zabibu za kwanza huvunwa na kuanikwa juani wiki tatu, nne. Baadaye huvunwa nyingine mbichi, zinakamuliwa, na maji yake yanapoanza kuchachuka, zile kavu zinatiwa humo kwa mikono. Kwa hiyo utamu wa Ben Ryé hautoki kwenye sukari ya pakiti. Unatoka kwenye zabib, kwa maana yake ya kwanza kabisa.

Vita vilipita pia. Juni 1943, baada ya mabomu ya wiki kadhaa kuuponda mji wa bandarini, kisiwa kilisalimu amri kwa Waingereza na Wamarekani. Operesheni yenyewe iliitwa Corkscrew, yaani kizibuo, kile kidude cha kufungulia chupa. Churchill alisimulia baadaye kwamba mwanajeshi pekee wa Uingereza aliyeumia aling'atwa na nyumbu. Wenyeji waliojenga upya mji wao sidhani walicheka sana.

Na vyakula? Hapo nilidhani nitakwama, kumbe ndipo palipokuwa nyumbani. Zibibbo isiyo tamu, kama Lighea yao, huandamana na kuskusi ya samaki, au saladi ya kisiwani ya viazi, tungule, vitunguu na kapari zilizohifadhiwa kwenye chumvi. Ben Ryé yenyewe wanaiweka kando ya jibini yenye kuvu ya buluu, chumvi kali ikigombana na utamu. Wataalamu wanaeleza jambo hili kwa maneno marefu. Mtu aliyewahi kula embe kwa chumvi na pilipili, au halua kwa kahawa chungu, hahitaji somo. Niliandika hivyo hivyo, embe na yote.

Mteja aliirudisha asubuhi. Aya za Kiarabu zimekatwa, embe limekatwa, jibini imebaki. Nikalipwa kwa maneno yaliyosalia.

Ijumaa nilimpigia nyanya simu. Nikamwambia kuna kisiwa cha Wazungu wanaita zabibu karibu kama sisi, na wanazikausha wenyewe.

"Wazianika wapi?"

"Juani, nyanya. Wiki tatu, nne."

"Na umande je?"

Swali hilo sikuwa nalo kwenye maandishi yangu yote. Ikabidi nirudi kutafuta, yeye akingoja kwenye laini, salio likiisha. Usiku huzifunika, nikamwambia.

"Aa. Hapo sawa. Halafu wazifanya nini?"

Nikamwambia nyingine wanatia kwenye vitamutamu. Si uongo.